Kilosa: Vijiji vilivyojaribu kuchoma mkaa bila kuumaliza msitu

MSAFIRI anayetoka Dar es Salaam kwenda Iringa au Mbeya huufahamu mji wa Mikumi kwa wanyama. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na abiria wa basi huweza kuwaona twiga, pundamilia na tembo bila kulipa kiingilio. Kisha mji hutokea, mabasi husimama kwa chakula, na safari huendelea.

Ni wachache wanaojua kwamba katika mji huo kuna njia inayochepuka kwenda kaskazini hadi Kilosa, na kwamba misitu iliyo kando ya njia hiyo imekuwa mahali pa jaribio kubwa kuhusu kitu ambacho karibu kila mkazi wa mjini amewahi kukinunua. Kitu hicho ni mkaa.

Kwa miaka mingi mkaa umetajwa kuwa adui wa misitu ya Tanzania. Umepigwa marufuku, umetozwa ushuru, umekamatwa vizuizini usiku, na bado umefika sokoni asubuhi. Huko Kilosa wanavijiji na wataalamu waliuliza swali tofauti: je, yawezekana kuchoma mkaa leo, na mjukuu akachoma mkaa katika eneo lile lile, huku msitu ukiwa bado umesimama?

Makala haya yanaeleza jibu walilolipata, namna tanuri la mkaa linavyofanya kazi, na kwa nini jambo hilo linamhusu mkazi wa Manzese, Mbagala au Kinondoni kuliko anavyodhani.

Nchi ya miombo

Wilaya ya Kilosa ipo katika Mkoa wa Morogoro. Upande wa magharibi imezungukwa na milima ya Rubeho na Ukaguru. Upande wa mashariki inateremka hadi tambarare za Mkata, zinazopakana na Hifadhi ya Mikumi. Wenyeji wake wa asili ni Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, lakini mashamba ya mkonge, reli na ardhi yenye rutuba vimewavuta watu wa makabila mengi kutoka pande zote za nchi.

Mji wa Kilosa ni wa zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara katika karne ya 19 ilipita katika bonde la Mto Mkondoa. Wajerumani walipojenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, waliipitisha huko huko, na katika miaka ya 1960 tawi la reli lilijengwa kutoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu. Leo reli ya kisasa ya SGR, ambayo safari zake za Dar es Salaam hadi Dodoma zilianza mwaka 2024, inapita katika wilaya hiyo na kupenya milima yake kwa mahandaki.

Kati ya Mikumi na Kilosa ipo kata yenye jina linalowachekesha wageni: Ulaya. Ndani yake vipo vijiji vya Ulaya Mbuyuni na Ulaya Kibaoni. Hivyo mtu wa Kilosa anaweza kusema ametoka Ulaya asubuhi akafika Mikumi kabla ya chakula cha mchana, asiwe amesema uongo.

Msitu wa eneo hilo kwa sehemu kubwa ni wa miombo. Miti hii hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na majani mapya huanza kuchipua kabla mvua hazijanyesha, yakiwa na rangi nyekundu na ya shaba. Mtu anayepita wakati huo huweza kudhani msitu unaungua. Humo pia hupatikana mninga, mpingo na mkongo, miti ya mbao yenye thamani kubwa ambayo haipaswi kuingia katika tanuri la mkaa.

Sifa moja ya miombo ndiyo msingi wa habari hii yote. Mti wa miombo ukikatwa haufi. Kisiki na mizizi yake huendelea kuishi, na baada ya mvua machipukizi mengi hutoka. Msitu wa namna hiyo ukiachwa bila kulimwa, bila kuchomwa moto kila mwaka na bila kulishwa mifugo kupita kiasi, hurudi wenyewe. Hakuna haja ya kitalu cha miche wala kampeni ya kupanda miti.

Tanuri linavyofanya kazi

Watu wengi hudhani mkaa ni kuni zilizochomwa. Ukweli ni kwamba mkaa ni kuni zilizozuiwa kuungua.

Kuni zikiwashwa mahali penye hewa ya kutosha huteketea na kubaki majivu. Kazi ya mchoma mkaa ni kuzipa kuni joto kali huku akizinyima hewa. Maji yaliyomo ndani ya mti huondoka kwanza kama mvuke. Joto likipanda hadi kufikia nyuzi 270 hivi za Selsiasi, mti huanza kuvunjika wenyewe, ukitoa gesi na lami, na hatua hiyo huzalisha joto lake yenyewe. Kinachobaki mwishoni, joto likiwa limefikia nyuzi 400 au zaidi, ni kaboni kwa sehemu kubwa. Huo ndio mkaa: mwepesi kuliko kuni, unaowaka bila moshi mwingi, na unaosafirishika mbali.

Tanuri la udongo ni chombo rahisi lakini linahitaji fundi. Kwanza huchaguliwa mahali tambarare, palipofyekwa nyasi pande zote ili moto usitoroke. Magogo hukatwa kwa urefu unaolingana na kuachwa yakauke kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo wachoma mkaa wengi wasio na subira hupata hasara, kwa kuwa mti mbichi hutumia sehemu kubwa ya moto kukausha maji yake.

Magogo makavu hupangwa juu ya fito zilizolazwa chini ili hewa ipite. Makubwa huwekwa katikati, kwenye joto kali zaidi, na madogo huziba mapengo. Lundo lote hufunikwa kwa nyasi na majani, kisha kwa udongo. Huachwa tundu la kuwashia moto na matundu madogo ya hewa. Katika tanuri lililoboreshwa huongezwa dohani, yaani bomba la kutolea moshi, linalomwezesha fundi kutawala mwendo wa hewa.

Baada ya hapo kazi ni ya macho na pua. Moshi mzito mweupe maana yake ni kwamba maji bado yanatoka. Moshi ukigeuka wa kijivu, mti unavunjika. Ukiwa mwembamba wa rangi ya samawati, karibu usionekane, mkaa umeiva na matundu hayana budi kuzibwa. Ufa ukitokea usiku na mlinzi akiwa amelala, hewa huingia, na asubuhi tanuri zima huweza kuwa majivu. Kwa sababu hiyo mchoma mkaa hulala msituni kando ya kazi yake kwa siku kadhaa, na tanuri kubwa huweza kuchukua wiki moja au mbili hadi kupoa.

Tofauti kati ya tanuri zuri na baya si ndogo. Hukadiriwa kuwa tanuri la kienyeji lisilo na uangalizi mzuri hutoa kilo 10 hadi 15 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu, wakati lililoboreshwa na kusimamiwa vizuri huweza kutoa kilo 20 au zaidi. Kwa hesabu hiyo gunia la kilo 50 linahitaji kuni kavu za kilo 250 katika tanuri zuri, na kilo 500 katika tanuri linalotoa asilimia 10 tu. Nusu ya msitu imetoka angani kama moshi bila kumpikia mtu yeyote ugali.

Vitalu vya robo hekta

Mradi wa Kuleta Mageuzi katika Sekta ya Mkaa Tanzania, unaojulikana kwa kifupi cha TTCS, ulianza mwaka 2012 katika vijiji vya Kilosa. Ulitekelezwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania (TFCG), Mtandao wa Jamii wa Usimamizi wa Misitu Tanzania (MJUMITA) na shirika la nishati la TaTEDO, kwa fedha za serikali ya Uswisi. Miongoni mwa vijiji vilivyoingia ni Ulaya Mbuyuni, Ulaya Kibaoni, Kitunduweta, Ihombwa, Nyali na Dodoma Isanga. Baadaye ulienea katika wilaya za Mvomero na Morogoro, na awamu yake ya pili ilimalizika mwaka 2019.

Utaratibu wake unaeleweka hata kwa mtoto wa shule ya msingi. Kijiji hutengeneza kwanza mpango wa matumizi bora ya ardhi: hapa mashamba, hapa malisho, hapa makazi, hapa msitu. Kisha hutenga msitu wa hifadhi wa kijiji, na ndani ya msitu huo sehemu ndogo tu huruhusiwa kuvunwa kwa ajili ya mkaa. Sehemu nyingine hubaki bila kuguswa kwa ajili ya maji, nyuki, dawa na wanyama.

Sehemu ya mkaa hugawanywa katika vitalu vya mita 50 kwa mita 50, yaani robo hekta. Vitalu huvunwa kwa kurukana, kama miraba ya ubao wa drafti, ili kila kitalu kilichokatwa kiwe kimezungukwa na miti iliyosimama. Kitalu kilichovunwa hupumzika miaka 24 kabla ya kuguswa tena.

Tuchukue mfano wa kijiji kilichotenga hekta 240 kwa mkaa. Kila mwaka kitavuna hekta 10, sawa na vitalu 40, na hekta 230 zitakuwa zimesimama au zinakua. Mwaka wa 25 kitarudi kwenye kitalu cha kwanza, na mtoto aliyezaliwa mwaka kilipokatwa atakuwa mtu mzima anayeweza kushika shoka.

Zipo pia kanuni ndani ya kitalu. Kisiki huachwa na urefu usiopungua sentimita 30 ili kichipue vizuri. Miti ya mbao haikatwi. Mti wenye kiota au mzinga huachwa. Haivunwi miti kwenye miteremko mikali wala karibu na mito. Na la muhimu kuliko yote, baada ya mkaa kutoka, halimwi shamba.

Sharti hilo la mwisho linahitaji kusisitizwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 na wataalamu waliochunguza maeneo yaliyopoteza misitu nchini ulionyesha kuwa chanzo kikuu cha ukataji ni kilimo. Mara nyingi mkulima anayefungua shamba jipya la mahindi au ufuta huchoma mkaa wa miti aliyoing'oa, na mpita njia akiona magunia husema msitu umeliwa na mkaa. Mkaa umechukua miti. Jembe ndilo lililozuia isirudi.

Hii haina maana kuwa mkaa hauna kosa. Pale unapochomwa bila mpango, mwaka baada ya mwaka katika eneo lile lile, kwa kuchagua miti mikubwa na migumu, msitu huchakaa hata kama hakuna aliyelima. Serikali ilikadiria kuwa kati ya mwaka 2002 na 2013 Tanzania Bara ilipoteza wastani wa hekta 469,420 za misitu kila mwaka. Sehemu kubwa ya upotevu ni katika ardhi ya vijiji na ardhi ya jumla, ambako msitu usio na mwenyewe huwa wa kila mtu.

Nani mwenye msitu

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zilikipa kijiji uwezo wa kutangaza msitu wake, kutunga sheria ndogo, kuuvuna na kubaki na mapato. Ila kwa miaka mingi vijiji vingi vilitumia sehemu moja tu ya uwezo huo: kulinda. Kamati ya maliasili ilifanya doria bila posho, ikawakamata majirani, ikapata lawama, na mwisho wa mwaka mfuko wa kijiji ukawa mtupu.

Katika vijiji vya Kilosa mambo yaligeuka msitu ulipoanza kuleta fedha halali. Mfanyabiashara wa mkaa alifika ofisini, akalipa ushuru wa kijiji kwa kila gunia, akapewa stakabadhi na kibali cha kusafirisha. Mchoma mkaa naye, aliyekuwa mtu wa kujificha, akasajiliwa na kupewa kitalu. Fedha zilizoingia zikapangiwa matumizi katika mkutano mkuu wa kijiji: madarasa, zahanati, visima, ofisi, na gharama za doria yenyewe.

Maana yake kwa msitu ni kubwa. Shamba la ufuta huleta fedha mwaka huu. Msitu usiovunwa haumletei mkulima chochote ila nyani na tembo wanaotoka Mikumi kuvamia mahindi yake. Mtu mwenye watoto wa kulipia shule hawezi kulaumiwa akichagua shamba. Lakini msitu ukijenga darasa ambamo watoto wake wanasoma, anayetaka kuuvamia atakutana na kijiji kizima.

Mpango wa matumizi ya ardhi una faida nyingine Kilosa. Wilaya hiyo imebeba migogoro mikali ya wakulima na wafugaji, ukiwamo ule wa Rudewa Mbuyuni wa Desemba 2000 uliopoteza maisha ya watu wengi. Ramani iliyokubaliwa ya nani analima wapi na ng'ombe wanapita wapi haimalizi ugomvi, lakini inatoa mahali pa kuanzia mazungumzo.

Lipo na suala la maji. Mafuriko ya Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliziacha familia nyingi za Kilosa bila makazi na kuisomba Reli ya Kati. Milima yenye miti haizuii mvua kunyesha, ila hupunguza kasi ya maji na udongo unaoteremka kujaza mto.

Somo la mafundi wa kioo

Swali la Kilosa si geni duniani. Karne nyingi zilizopita, kazi iliyokula misitu barani Ulaya, ile ya ng'ambo, ilikuwa ya kutengeneza kioo.

Mafundi wa kioo wa Ujerumani na Bohemia, ambayo sasa ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, walijenga matanuri yao katikati ya msitu. Walihitaji kuni za kuyeyusha mchanga, na walihitaji pia majivu ya miti, ambayo yalichanganywa na mchanga ili uyeyuke kwa joto dogo zaidi. Kioo hicho cha rangi ya kijani kiliitwa kioo cha msitu. Miti ya karibu ilipokwisha, mafundi walilivunja tanuri wakahamia mbele, na nyuma yao wakaja wakulima.

Mwaka 1615 Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza alipiga marufuku matumizi ya kuni katika matanuri ya kioo, kwa hofu kwamba mbao za kujengea meli zingekwisha. Marufuku hiyo ilishika. Sababu ni kwamba Uingereza ilikuwa na makaa ya mawe, na mafundi walikuwa wamekwisha kubuni tanuri linaloweza kuyatumia. Fundi aliyenyimwa kuni alikuwa na kitu kingine cha kuchoma.

Hapa nchini kiwanda cha Kioo Limited cha Dar es Salaam, kinachotengeneza chupa, kimekuwa miongoni mwa viwanda vinavyotumia gesi asilia ya Songo Songo. Hivyo kioo, kilichowahi kula misitu ya watu, kimeachana nayo kwa sababu nishati nyingine imefika kiwandani.

Marufuku na kanuni

Januari 2006 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uchomaji na usafirishaji wa mkaa. Haukupita muda mrefu marufuku hiyo ikalegezwa. Bei ilikuwa imepanda, jikoni hapakuwa na mbadala, na mkaa uliendelea kuingia mjini kwa njia za panya. Tofauti na ya James ni hiyo tu: mpishi wa Tandale hakuwa na kitu kingine cha kuchoma.

Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilikadiria kuwa Tanzania ilikuwa ikitumia takriban tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na kwamba karibu nusu yake iliteketea Dar es Salaam. Biashara hiyo ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 650 za Marekani kwa mwaka, ikiwapa kipato mamia ya maelfu ya watu, huku serikali ikipoteza mapato yanayofikia dola milioni 100 kwa sababu sehemu kubwa ilipita bila vibali.

Mfumo wa Kilosa ulikusudiwa kuziba pengo hilo kwa kuanzia chini, kijijini. Hata hivyo umekutana na vikwazo. Kwanza ni ushindani. Mkaa halali una ushuru, stakabadhi na kitalu; mkaa wa wizi hauna, hivyo ni rahisi zaidi. Mnunuzi wa mjini hawezi kuutofautisha, na hakuna anayemuuliza muuzaji kibali. Pili ni kanuni zenyewe. Mwaka 2019 serikali ilitoa kanuni mpya za uvunaji wa magogo, mbao, nguzo na mkaa, ambazo wadau wa misitu ya vijiji walilalamika kuwa zimeongeza hatua za kupata idhini na kukipunguzia kijiji uamuzi juu ya msitu wake. Wafanyabiashara walipoona mlolongo umekuwa mrefu, baadhi walikwenda kwingine.

Tatu ni mabadiliko ya sera ya nishati. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kuanzia Januari 2024 taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku zilitakiwa kuachana na kuni na mkaa. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwaka huo huo.

Ni lengo jema. Moshi wa jikoni huua, na jiko la mkaa likiwekwa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Lakini hata asilimia 80 ikifikiwa, asilimia 20 itabaki, na kati ya sasa na mwaka 2034 mamilioni ya sufuria yatainjikwa juu ya mkaa. Mtungi wa gesi hujazwa kwa mkupuo. Mkaa hununuliwa kwa kopo. Mama lishe anayepata fedha yake kwa siku hununua nishati yake kwa siku.

Kwa hiyo swali halisi si mkaa au gesi. Swali ni je, mkaa utakaoendelea kutumika utatoka katika vitalu vinavyopumzika miaka 24, au katika msitu usio na mwenyewe? Na mkaa utakapokuwa umepungua mjini, ni kitu gani kitakachokipa kijiji cha Kilosa sababu ya kutoufyeka msitu wake kwa ajili ya ufuta? Mbao, asali na utalii ni sehemu ya jibu, lakini kila kimoja kinahitaji soko na muda.

Kwa anayetaka kufika

Njia ni mbili. Ya kwanza ni basi la Iringa au Mbeya hadi Mikumi, kisha usafiri wa kwenda Kilosa kupitia Ulaya. Ya pili ni treni ya SGR inayosimama Kilosa, au barabara ya kutoka Dumila kupitia Rudewa. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndicho kipindi kinachofaa. Wakati wa masika udongo wa njia za vijijini huwa mgumu kupitika.

Msitu wa kijiji si mahali pa kuingia kiholela. Mgeni huanzia ofisi ya kijiji, hujitambulisha kwa mwenyekiti na mtendaji, na hupatiwa mtu wa kamati ya maliasili wa kumwongoza. Ni adabu, na ni usalama pia, kwa sababu tembo wa Mikumi hawatambui mpaka wa hifadhi. Asikanyage juu ya tanuri linalofuka: udongo wa juu huonekana mgumu, lakini chini yake magogo yamekwisha kushuka na moto uko hai.

Akiwa ndani ya msitu, asitazame tanuri peke yake. Aombe aonyeshwe kitalu cha zamani, kilichovunwa miaka ya mwanzo ya mradi. Ahesabu visiki, kisha ahesabu machipukizi yaliyotoka katika kila kisiki na kupima urefu wake kwa macho. Kama yamempita kichwa na hakuna matuta ya mahindi katikati yake, kitalu hicho kiko salama. Kama kuna matuta, mpango umevunjika, hata kama vitabu vya ofisi vinasema vingine.

Naye asiyeweza kusafiri ana la kufanya nyumbani. Jiko lililoboreshwa, lenye ukuta wa udongo unaotunza joto, hupunguza mkaa unaotumika. Kuloweka maharage usiku hupunguza zaidi. Na mnunuzi wa gunia zima anaweza kumuuliza muuzaji mkaa huu umetoka wapi na kibali chake kiko wapi. Leo swali hilo litamshangaza muuzaji. Likiulizwa na wateja wengi wa jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ililikuta na watu zaidi ya milioni 5.3, atalazimika kumuuliza aliyemletea, naye atalazimika kupita ofisi ya kijiji.